Mbegu Safi Mno

Mbegu zile zilikuwa safi mno, na hapo ndipo nilipoanza kumshuku Rama, kijana wetu wa kukusanya mbegu.

Mbegu za ghaf, mti wa asili wa huku, zikitoka jangwani huja na mchanga, vipande vya maganda, na nyingine zimetobolewa na vidudu. Zake ziling'aa. Na viatu je? Vyeupe pe! Mtu aliyetumwa jangwani siku mbili!

"Umezitoa wapi?"

"Jangwani, dada Kulusumu. Kwani nilitumwa wapi?"

Kazi yangu kwenye bustani hii ya miche, nje kidogo ya Dubai, ni kuchanganya mbegu za asili za kurudishia malisho yaliyokwisha: nyasi, vichaka, na ghaf kidogo. Nisipotia sahihi, gunia halitoki. Nikikosea, mifugo ya watu ndiyo itakayoumia.

Nikachukua mbegu sita nikazipanda kwenye kopo la maziwa, dirishani kwangu Al Mankhool. Rama akacheka. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka!"

"Nimeumwa, ndiyo. Ngoja."

Kwetu Tana River tuliletewa mti wa kurudisha kijani. Tukaupokea kwa vigelegele. Mathenge, ndugu wa ghaf, mbegu zao hazitofautiani kwa macho! Ukameza malisho yote, na maganda yake matamu yakaozesha meno ya mbuzi. Baba akawa anawakorogea uji, mbuzi wazima, wanalia mbele ya majani. Hadi leo nikikumbuka naumia.

Kila siku madam Arwa, mwenye bustani, aliuliza, "Kulusumu, khalas? Tayari?" Nami, "Bado, madam." Wiki ya tano miiba ikatoka. Ya ghaf hutawanyika ovyo kwenye kijiti. Hii ilitoka miwili miwili, pale jani linapoanzia. Wallahi, mathenge!

Nikamwekea Rama kopo mbele yake.

"Nilinunua sokoni Naif," akasema. "Jua lilikuwa kali, dada, na muuzaji aliapa ni ghaf. Tuchanganye tu. Nani atajua?"

"Mbuzi," nikamwambia. "Mbuzi watajua." Nikamsimulia ule uji wa baba.

Alilichoma gunia mwenyewe, kesho yake akaondoka. Siku ya tatu akarudi midomo imepasuka, mchanga hadi kwenye nyusi, nusu gunia begani. Mbegu zilikuwa chafu, na nyingi zina matundu. Nikampa maji, nikamshukuru kwa moyo wote.

Kisha nikachukua mbegu sita, nikaenda kutafuta kopo jingine.