Sitaha Iliyonyooka Mno

Binti yangu alikuwa akimsalimia mume wangu kwa adabu iliyonifanya nitamani kumtia kofi. "Shikamoo, mzee. Umeamka salama, mzee? Karibu chai, mzee." Kisha anainamisha macho na kwenda zake. Majirani walinisifu: umelea, mama. Nikawa nawaitikia asante huku nimeuma meno.

Wao hawakutujua zamani. Binti na marehemu baba yake walivua kwa mashua moja, na walipendana kwa makelele. Wakirudi kutoka majini ungewasikia kabla hujawaona: nani kaukunja wavu ovyo, nani kala kipande kikubwa, nani ana kichwa kigumu kuliko nanga. Mgeni angedhani wanataka kuuana. Baba alipofariki, makelele yakaenda naye. Binti akabaki na mashua, mimi nikabaki na kimya. Baadaye nikaolewa na Fundi, mtengeneza vitanda na milango, mwanaume mpole ambaye hata msumari anaupiga kama anauomba radhi, na ambaye hakuwahi kujaliwa mtoto. Binti hakupinga. Laiti angepinga! Alimpokea kama mgeni, na mgeni akabaki.

Siku moja akaniambia ameona chumba cha kupanga karibu na ufuko, na mwezi ukiisha atahamia. Alisema taratibu, kwa heshima zote. Nilijua akiondoka na adabu yake ile, atakuwa akija kwangu siku za misiba tu. Nilimtaka nyumbani, na nilimtaka akiwa yeye mwenyewe. Lakini utamwambiaje mtu mzima apunguze heshima?

Kabla hajafungasha, sitaha ya mashua, ile sakafu ya mbao ya juu, ikamwangusha. Mashua ilikuwa kuukuu, mbao za mbele zimekunywa maji miaka na miaka. Alikuwa amebeba kreti la samaki, ubao ukavunjika, mguu ukazama mpaka gotini. Akashonwa, akapewa gongo la kutembelea, akaamriwa kutulia, na mashua ikavutwa nchi kavu. Jioni Fundi akakohoa kidogo mezani, akasema yeye anaweza kuitengeneza.

"Usijisumbue, mzee."

"Si usumbufu, mwanangu."

"Kama itakupendeza, mzee. Asante sana."

Nilikaribia kurusha mwiko.

Basi Fundi akaenda na sanduku lake la zana, nami nikawa nampelekea chakula. Aling'oa mbao za sitaha ya mbele moja moja. Nyingine kidole kilizama ndani yake kama kwenye mkate uliolowa. Chini yake akaikuta mihimili, ile miti inayokatiza kutoka ubavu hadi ubavu kubeba sitaha, na akasikitika kweli kweli.

"Tazama, mke wangu. Yote imepinda, imenyanyuka katikati. Uzee huo. Maskini marehemu, alikuwa akitembea juu ya kilima."

Akachonga mihimili mipya, imenyooka kama rula. Akapigilia mbao, akashindilia pamba kwenye nyufa, akaziba kwa lami. Kila ubao aliuwekea pima maji, na kile kipovu kikakaa katikati, hakitikisiki. Nimemwona akitengeneza kitanda cha harusi, lakini sijamwona akihangaika namna ile. Alipomaliza akaweka kikombe cha chai kilichojaa pomoni juu ya sitaha, na haikumwagika hata tone. Mimi ninayeijua mashua kwa kula samaki wake tu, nikapiga makofi.

Binti akaja na gongo lake. "Shikamoo, mzee. Hongera kwa kazi." Akapanda kwa shida, akasimama, akainama kutazama. Kisha akaomba ndoo ya maji, akaimwaga yote.

Maji yakatandaa, yakatulia palepale, yanatutazama.

"Wewe mzee!" Nilishtuka. Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu msibani. "Hii mashua au meza ya kulia? Maji yapite wapi? Yasubiri kukaribishwa? Sitaha lazima iwe na mgongo! Katikati juu, pembeni chini, maji yateremke yatokee matunduni! Ile mihimili haikupinda, ilipindwa! Wimbi moja likiingia hapa, mimi na samaki tutakuwa tunaogelea pamoja!"

Mafundi wa mashua za jirani wakaacha nyundo zao. Fundi wangu amekumbatia pima maji kifuani kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Nikajaribu kutuliza mambo: "Mwanangu, maji yakimwagika hayazoleki."

"Haya yanazoleka, mama! Kikombe kwa kikombe! Si unaona hayajaenda popote?"

Nikakaa juu ya gogo, nikalia huku nacheka, sikujua lipi lilitangulia.

Njiani kurudi Fundi alikuwa ameishiwa nguvu. "Nimeharibu," akasema. "Sasa hata ile shikamoo sitaipata."

"Huipati, na ushukuru Mungu. Mtoto huyu hamgombezi mtu asiye wake."

Hakuniamini. Aliniona mama anayetafuta faraja.

Asubuhi shikamoo haikuja. Kilichokuja ni gongo likigonga mlango wetu. "Mzee, bado umelala? Hiyo mihimili itajipinda yenyewe?" Fundi akatoka na viatu vya kushoto na kulia vimebadilishana.

Mihimili ya zamani ilikuwa kando ya mashua, ameipanga vizuri na kuifunika turubai. Binti akauliza kwa nini hakuifanya kuni.

"Ni kazi ya mkono wa baba yako," Fundi akasema. "Ningeichomaje bila kukuuliza?"

Binti akaishika ile miti muda mrefu. Kisha akafuta pua kwa mkono, akafoka kwamba jua linapanda. Fundi akaing'oa sitaha yake iliyonyooka, wakalaza mihimili ya zamani juu ya miti mipya, wakachora mapindo yake kwa penseli, wakaanza upya. Yeye amekaa juu ya ndoo, anaamrisha kwa gongo: punguza hapa, hapana, hapa, huoni? Fundi akapunguza. Akapunguza tena. Mara ya tatu akatupa randa chini.

"Nimesema inatosha! Fundi hapa ni nani?"

Akaziba mdomo kwa kiganja. Tangu nimjue sikuwahi kumsikia akipaza sauti, na nadhani yeye pia hakuwahi kujisikia. Binti akamkodolea macho. Kisha akacheka, kicheko chake chenyewe, kile cha kutupa kichwa nyuma, mpaka akakaribia kudondoka kwenye ndoo.

Siku sitaha ilipokwisha, akamwaga maji. Yakagawanyika katikati, yakateremka pande mbili, yakatokea matunduni, na mbao zikabaki zinang'aa. Fundi akapapasa ule mgongo kwa kiganja, taratibu, kama anayempapasa mtoto aliyelala.

Nikajikaza, nikauliza nilichokuwa nakiogopa. "Na kile chumba cha ufukoni?"

"Chumba gani, mama?" Binti alikuwa ameshaanza kukusanya zana. "Niende halafu huyu mzee nimwachie nani? Mtu mwenyewe hajui hata maji yanateremkia wapi."

Fundi akatugeuzia mgongo, akapiga magoti, akawa anatafuta kwenye mchanga msumari ambao hakuna aliyeuangusha.