Mtu wa Saba

Ukumbi ulinuka makoti ya sufu yaliyolowa theluji. Katika mkutano wa wakazi wa mji, hoja iliyobaki ilikuwa ya shule: ifungwe, watoto wawe wanapelekwa kwa basi mji wa jirani, au ibaki. Delphine, mkamuaji wa ng'ombe wa Bwana Haskell, alikaa nyuma kabisa. Binti yake alikuwa darasa la kwanza pale. Nyumba waliyoishi ilikuwa ya Haskell, na Haskell, aliyelipa kodi kubwa kuliko wote ya kuiendesha, alitaka shule ifungwe. Alikaa mbele, kiti amekigeuza upande ili aone mikono.

Maana mji ule haukuwa na diwani wa kuwaamulia watu. Kila mtu mzima alikuwa diwani, na alinyoosha mkono machoni pa jirani zake.

Arvid Colburn, seremala, akaomba kura ya karatasi. Haskell akacheka.

"Ukitaka kujificha, Arvid, hamia jijini. Huko wanachagua mtu wa kufikiri badala yao, halafu wanarudi kulala."

"Mimi sina bosi wa kumkimbia, mzee. Nawaombea wenye mabosi."

Mwenyekiti, Mama Rowell, akakumbusha sheria: kura ya siri hutolewa ikiombwa na watu saba, na waombaji husimama wahesabiwe.

Akasimama mwalimu mstaafu na dada yake. Wakasimama mwenye duka, mkewe na muuguzi. Pamoja na Arvid, sita. Mama Rowell akangoja. Delphine aliwaona wakamuaji wenzake wakitazama viatu vyao. Wote waliitaka karatasi, ila hakuna aliyetaka kuonekana akiitaka. Yeye mwenyewe hakuwahi kutoa sauti ukumbini humo. Akashika kiti cha mbele yake, akasimama.

"Saba," akasema Mama Rowell.

Wakapanga foleni, wakatumbukiza karatasi zilizokunjwa. Shule ikabaki, kwa kura chache.

Nje, Haskell alikuwa akikwangua barafu kwenye kioo cha gari. Alimwita Delphine.

"Kura za wale wote sizijui, na sitazijua," akasema kwa upole. "Yako naijua. Theluji ikiyeyuka, utafute pa kuishi."

"Sawa, Bwana Haskell."

Gari likaondoka. Wakamuaji wakatoka mmoja mmoja, wakamgusa Delphine begani. Kila mmoja alitazama kwanza kama taa za gari zimeshapotea kwenye kona.