Mosi Amtetea Pazi

Kule Kinole mashamba ni ya ukoo wa mke, na mume mlevi asiyelima hurudishwa kwa mama yake. Mwenye kauli ni mjomba wa mke. Ndiyo maana siku mjomba wake, Rehani, alipokuja, Mosi alijua amekuja kwa ajili ya mumewe.

Mumewe, Pazi, alikwenda Mikese kuwajengea Wadachi reli, akarudi na kiu isiyoshikika. Asubuhi pombe, jioni pombe; jembe limelala. Mosi aliyajua hayo kuliko mtu yeyote, na bado alimtaka mume wake. Sasa utamfanyaje mtu aliyependa?

Mjomba akamwita ndani peke yake, Pazi akingoja uani.

"Mwanangu, mumeo anakunywa?"

"Siku za ngoma tu, mjomba. Kikombe kimoja, basi."

Hapo akashika kasi. Eti Pazi huamka alfajiri, eti Pazi hulima mpaka mvua imkute bondeni. Alidanganya macho makavu, wala hakujikwaa. Kisha akaitwa Pazi, na Mosi akatulia, maana walishapatana maneno tangu jana.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mkeo anasema unakunywa siku za ngoma tu. Kweli?"

Pazi akainamisha kichwa. "Ukuta huu ni wa fito, nimesikia yote. Huyo mwanamume aliyemsema, hata mimi natamani kumjua. Mimi nakunywa kila siku. Juzi nimechukua mbegu za mahindi za mke wangu, nikabadilishana na pombe."

Mosi akamgeukia. Hata chumbani, wawili tu, Pazi hakuwahi kukiri tone moja. Leo amekiri mbele ya mtu wa kumfukuza, na anajua atafukuzwa.  Mosi alimwogopa mumewe, ile hofu ya kusimama mbele ya kitu kikubwa.

"Mosi, nakuuliza tena," mjomba akasema.

Neno moja lingemwokoa. Lakini akimtetea sasa, atamfanya mwongo siku pekee aliyosema kweli.

"Kila siku, mjomba."

Rehani akakata shauri. "Basi aende kwa mama yake mpaka mavuno. Akirudi, sitamuuliza mtu mwingine ila wewe, na utakalosema nitalishika."

Mosi akamkunjia Pazi mkeka kwa mikono yake, akilia wazi, akijivunia mume kuliko siku aliyoolewa.