Onyo la Kujichapia

Saa nne asubuhi karani wa shule alikuwa mbele ya kompyuta, akijichapia barua ya onyo. Ndiyo, yake mwenyewe. Barua zote za shule huchapwa na yeye, na mwalimu mkuu hakuona sababu ya kuvunja utaratibu. "Andika kwamba umeharibu kompyuta kwa uzembe," alimwambia mbele ya walimu, "halafu uniletee nisaini." Hilo lingekuwa onyo la tatu, na la tatu ndilo la kufungasha virago.

Kompyuta yenyewe ilichapa vizuri tu. Kilichogoma ni mtandao, tena siku ambayo majina ya watahiniwa mia moja na kumi na wawili yalitakiwa yatumwe kabla ya saa kumi. Jina lisilofika, mwenyewe angengoja mwaka mzima. Mkuu alikataa kuita fundi. Mharibifu kishapatikana, fundi wa nini?

Roho ilimchoma karani. Miaka tisa ameibeba ofisi ile, leo anaitwa mzembe na mtu asiyejua hata kuwasha printa. Akampigia shemeji yake, fundi wa kompyuta.

"Shemeji, inasema haijapata anwani."

"Kila kifaa kikijiunga, kile kisanduku cha mtandao hukipa namba. Hebu tazama, ya kompyuta inaanzaje?"

"Mia moja sitini na tisa."

"Hiyo imejitungia yenyewe baada ya kukosa. Kisanduku chenu nilikipangia namba thelathini tu. Jana mlikuwa na wageni?"

Karani akamweleza. Jana kilikuwa kikao cha wazazi, na mkuu, kwa kutaka sifa, aliandika neno la siri la mtandao ubaoni kwa chaki, kila mzazi ajiunge na simu yake. Karani alimnong'oneza kwamba si vizuri. Akaambiwa ajue mipaka yake.

"Lakini wazazi walishaondoka, shemeji."

"Wameondoka wao. Namba bado wamewekewa, kama mgeni aliyekwenda na kiti. Zima kisanduku, kitasahau. Kiwashe, kompyuta iwe ya kwanza kujiunga, kwa waya, halafu badilisha neno la siri."

Kazi yote ilikula dakika tano. Kwa dakika tano hizo mtu alitaka kumnyima mkate wake! Saa tano majina yalikwenda, yote, na karani akachapa stakabadhi ya kupokelewa. Kisha akarudi kwenye barua, akafuta mistari miwili na kuandika upya.

Mkuu aliipokea huku kalamu iko tayari mkononi. Hasomi anachosaini, aliwahi kumpa likizo mlinzi aliyekwisha kustaafu.

"Umeandika kosa?"

"Nimeandika, mwalimu. Na aliyelitenda, na neno la siri lilivyofika ubaoni. Majina yameshatumwa, stakabadhi hiyo hapo nyuma."

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Nakala inakwenda kwa nani?"

"Kwa afisa elimu, kama onyo lolote."

Mkuu aliweka kalamu mezani, akatafuta miwani mfukoni, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa karani akamwona akisoma barua kabla ya kuisaini.