Togwa ya Risaga

Mgeni aliingia uani kwa Mama Boke, pale Nyambureti, Jumatano saa saba mchana, begi begani na viatu vya Ulaya vimejaa vumbi. Mbwa walibweka, kuku wakatawanyika. Mgeni huyo nilikuwa mimi, Waitara, mzaliwa wa Gorong'a.

Nilikuwa nimekaa Bulgaria miaka mitano nikisomea udongo. Kila majira ya baridi mama mwenye nyumba aliniuliza nimeona simba wangapi Serengeti, nami nikajibu kwamba wengi. Kweli ni kwamba sikuwa nimeona hata mkia. Kwetu tulichunga ng'ombe. Nani angempeleka mtoto kutazama wanyama? Sasa nilikuwa nimerudi, na kabla ya kwenda kuripoti kazini Mbeya wiki iliyofuata, nilitaka kuiona nchi yangu kama msafiri, angalau mara moja. Bwana Sadick, mfanyabiashara wa Mugumu niliyekutana naye Tarime, alikubali kunipeleka Serengeti kwa Landrova yake iliyokuwa ikiwapelekea askari wa wanyamapori sukari na sabuni. Angepita Nyambureti Alhamisi saa nne asubuhi. Nikatangulia kwa miguu, nione vilima vyetu taratibu.

Nilimwamkia Mama Boke shikamoo, akaitika, akaingia ndani kunitafutia kigoda. Kiu ilikuwa imenishika koo. Kando ya mlango palikuwa na chungu kikubwa kimefunikwa ungo, na kata juu yake. Nikafunua. Togwa ya ulezi, baridi, imechachuka vizuri. Nilikunywa kata mbili bila kupumua.

Nilipogeuka, jirani yake aitwaye Mokami alikuwa ameshika mbavu kwa kicheko. Akamwita Mama Boke atoke amwone mkulima wake mpya.

Hapo nikakumbuka. Kile kilikuwa chungu cha risaga. Mtu akitaka majirani wamsaidie shamba, hutengeneza togwa, na anayeonja amekubali kulima. Hakuna kuandikiana. Nilikuwa nimeikuta desturi hiyo tangu sijaota meno, nikaisahau huko ughaibuni.

Mama Boke hakucheka. Alieleza kwamba tangu wahamishiwe kijijini mwaka jana majirani wengi ni wapya, na aliogopa kesho asipate watu wa kutosha, mvua imnyeshee shamba halijaguswa. Akaniuliza kama nitalima. Nikasema nitalima. Nilipiga hesabu zangu: nikianza alfajiri, Sadick akifika saa nne, ngwe yangu itakuwa imekwisha.

Asubuhi tulikuwa watu tisa. Kila mmoja alipimiwa ngwe yake, na jembe la kwanza tu lilinionyesha kwamba mikono yangu ilikuwa imezoea kalamu.

"Mura, umesomea udongo miaka mitano," Mokami alisema bila kuinua kichwa, akiniita kijana kwa lugha yetu. "Huko mlikuwa mnausoma tu, hamuugusi?"

Watu walicheka, nami nikacheka nao. Nilikuwa sijafika hata robo niliposikia honi barabarani. Ilikuwa saa moja na nusu tu; Sadick alikuwa amewahi.

"Msomi, panda," Sadick aliita dirishani. "Safari nyingine huko ni mwezi ujao."

Mwezi ujao ningekuwa Mbeya. Nilisimama na jembe mkononi. Mama Boke akaja karibu.

"Nenda tu, mura. Ulikunywa kama mgeni. Mgeni hafungwi na chungu."

Lilikuwa neno la huruma, na lilinifungulia mlango kabisa. Nililitazama gari, nikalitazama shamba lake, watu tisa na mimi nikiwa mmoja wao.

"Sikunywa kama mgeni, mama," nikasema. "Mimi ni mtu wa Gorong'a. Chungu cha risaga ninakijua."

Nikamwambia Sadick aende salama. Alitikisa kichwa, akacheka, akatia gia. Niliifuata Landrova kwa macho mpaka ikazunguka kilima, na sitasema uongo, niliumia. Kisha nikainama.

Wenzangu walimaliza saa nne. Mimi nilimaliza saa saba, malengelenge yamepasuka viganjani. Mokami alipita juu ya ngwe yangu kuikagua, akasema imepinda kama mkia wa mbwa, lakini mtama hautajali.