Jangwa Linapiga Hodi

Usiku wa jana niliota niko jikoni kwangu Pangani nachambua mchele. Nikainuka kutupa chuya, nikafungua mlango wa uani, na ua haukuwepo. Palikuwa na mkahawa mkubwa wa vioo, mchana kweupe, na nje ya vioo jangwa tupu. Nikajua ndiko alikoajiriwa mjukuu wangu Zaituni, ule mji wa starehe ambako watu hupanda ndege kwenda kutazama mchanga.

Mlangoni limesimama birika la shaba, limevaa tai.

"Karibu, bibi. Jisikie uko nyumbani."

"Nyumbani huwa navua viatu."

"Wote huvua," likasema, na mvuke mwembamba ukalitoka.

Nachungulia ndani. Kweli, wote wako nyumbani. Mzee mmoja kajifunga shuka, anakata kucha juu ya sahani. Mama mmoja ameanika nepi baina ya meza mbili. Hakuna anayezungumza. Mchanga umewafika magotini, nao wanakula tu, kama miguu si yao.

"Hawa wamekuja lini?"

"Hakuna aliyewahi kuaga," likajibu birika.

Zaituni akatoka jikoni na sinia la wali. Amekonda.

"Bibi! Umefikaje?"

"Kwa mlango wa uani. Na wewe, mke mwenzangu, likizo imefika, mbona hurudi? Umenipatia bwana mwingine huku?"

"Nimebakiza mgeni mmoja tu wa kumkaribisha, bibi. Kisha naondoka."

"Haondoki mtu," likasema sinia. "Mgeni mwenyewe ni jangwa. Likishakaribishwa linaingia kuketi, na aliyelikaribisha analihudumia milele. Mimi nilikuwa Felista, wa zamu ya asubuhi."

Nikaliamkia. Likaitikia vizuri.

Mara nje ya kioo: "Hodi." Sauti kavu, kama mchele unaomwagwa kwenye ungo.

Zaituni akafungua mdomo. Ndiyo kazi aliyofundishwa, mgeni haachwi mlangoni. Nikamkanyaga mguu.

"Nyamaza! Kwetu mtu hupiga hodi tatu. Asipoitikiwa, anarudi alikotoka."

"Huku hatuna desturi hiyo," birika likasema.

"Si umeniambia nijisikie niko nyumbani? Basi nyumbani kwangu ni hivyo."

Birika likafikiri sana. Likalegeza tai. "Sheria ni sheria," likasema.

"Hodi."

Vioo vinabonyea ndani. Wageni wanaweka vijiko chini, wote kwa pamoja, wanamtazama Zaituni.

"Mkaribishe," wanasema, wala hawajakasirika. "Chakula kinapoa."

"Bibi, linanitoka lenyewe," Zaituni ananong'ona. Naiona *karibu* imemjaa kooni, inapanda. Mtoto mwenye adabu ana taabu. Lakini anayetafuna hasemi. Hilo nilimfundisha mwenyewe, kwa makofi.

"Samahani, Felista." Nachota tonge kubwa, namsukumia mdomoni na vidole vyangu humo humo.

"Hodi," ya tatu. Safari hii kwa sauti yangu mimi.

Zaituni akashtuka, akauma. Nami nikameza kilio changu, maana jangwa lilikuwa linasikiliza.

Kisha nikalisikia likigeuka, likienda pole pole, kama mtu mzito aliyenyimwa chakula. Ndipo wale wageni wakainama, wakaanza kuyatazama magoti yao.

Nikaamka alfajiri, kidole kinapwita. Nikakipeleka dirishani: alama za meno, juu na chini, zimejipanga vizuri.

Nikamwonyesha mwanangu Mwanahawa, mama yake Zaituni.

"Umejiuma mwenyewe usingizini, mama," akasema.

Nikampanulia mdomo achungulie. Fizi tupu, huu mwaka wa ngapi sijui.

Akachungulia kulia, akachungulia kushoto. Kisha akanyanyuka, akaenda kumtandikia Zaituni kitanda.