Kiazi cha Mgongoni

Mkoromo wa Hiram Ndung'u ulijulikana Dundori nzima, na majirani waliusifu. Mwanamume akikoroma hivyo, walisema, ameshiba na roho yake imetulia. Upuzi mtupu! Wangeci mkewe ndiye aliyelala kando yake, na alijua kwamba katikati ya ngurumo ile Hiram hunyamaza kabisa, kifua kikihangaika bila pumzi kuingia, mpaka ashtuke kama mtu aliyetolewa majini. Siku moja alihesabu kimya hicho akafika arobaini. Mchana nao jamaa anasinzia ameshika usukani. Mwezi wa tatu mwaka ule wa 1974 alilala akiteremka na lori la viazi, akaamkia mtaroni. Alitoka na mkwaruzo tu. Wangeci hakungoja tena, akampeleka Nakuru kwa Daktari Lalit.

"Mama, koo la huyu linajifunga akilala," daktari akasema. "Huko ng'ambo wengine wanatobolewa tundu hapa." Akagusa shingo yake.

"Tundu? Mtu mzima, mzima kabisa, atobolewe shingo?" Wangeci alibaki mdomo wazi.

"Ndiyo. Lakini kabla ya kisu tujaribu hii. Asilale chali hata kidogo. Shati lake la kulalia ulishonee mfuko mgongoni, utie kitu kigumu. Kitanda ukiinue upande wa kichwa. Halafu wewe hesabu, urekebishe mpaka kimya kile kipungue."

Sasa Dundori kitu kigumu ni nini kama si kiazi? Cha kwanza kilikuwa kidogo, Hiram akakilalia kama hakipo. Cha pili kilikuwa kama ngumi mbili, akakesha akilaani. Wangeci akashusha hadi saizi ya yai la bata, akakihamisha kutoka kiunoni hadi katikati ya mabega. Matofali manne chini ya kitanda yalimtelezesha mume wa watu mpaka miguuni pa kitanda, Wangeci akapunguza yakabaki mawili. Akahesabu tena. Kumi, halafu nane, halafu siku nyingine hakuna cha kuhesabu. Hiram akaanza kuendesha lori akipiga mluzi.

Sharti lake lilikuwa moja tu. "Mtu asijue. Dereva mzima nalala na kiazi mgongoni? Watanicheka hadi sokoni Nakuru."

Basi hawakumwambia mtu, hata Njoki, mama yake Hiram, alipokuja kutoka Longonot kuwatembelea. Hapo ndipo walipokosea, kwa sababu Jumamosi Njoki alifua nguo.

Jumapili baada ya chakula Wangeci alienda kuchukua maziwa kwa jirani. Aliporudi alimkuta mama mkwe mlangoni, kidole mdomoni.

"Shhh! Usimwamshe. Tangu nimzae sijamwona akilala kimya hivi."

Kimya? Wangeci alimpita mbio. Ndani, Hiram alikuwa amelala chali kwenye benchi, shati lile la kulalia limemnata mwilini, mdomo wazi, midomo imegeuka rangi ya majivu. Kifua kilipanda na kushuka bure. Wangeci alitupa mkebe wa maziwa, akamshika bega na nyonga, akamsukuma kwa nguvu zote. Hiram alianguka sakafuni kwa ubavu. Pumzi ikaingia kwa kishindo, akakohoa, akaanza kuvuta hewa kwa pupa.

"Wangeci! Unamuua mwanangu?" Njoki akapiga kelele.

"Kiazi kiko wapi, Mama? Kilikuwa mgongoni hapa!"

"Nilikichoma! Kimesinyaa, kimeota macho, kimeshonewa ndani ya shati la mwanangu, nidhani ni nini? Ni uchawi! Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako."

"Ni dawa, Mama." Hiram alisema kutoka sakafuni, sauti imekwaruza. "Ya daktari. Nilivaa nikaona mfuko mtupu, nikaona haya kukuuliza."

Haya! Karibu imzike. Wangeci aliketi palepale kwenye maziwa yaliyomwagika, akaeleza yote: koo linalojifunga, kuhesabu, lori mtaroni. Alisema kwa hasira, na hakuchagua maneno.

Njoki alimtazama mwanawe midomoni, rangi ikirudi kidogo kidogo.

"Akinyamaza," akauliza mwishowe, "midomo huwa hivyo kila mara?"

"Kila mara akikawia."

"Majivu."

"Ndiyo, Mama."

Mama mkwe aliificha mikono yake ndani ya leso. "Baba yake alikoroma hivi hivi. Siku yake ya mwisho alilala mchana, halafu akanyamaza. Nilifurahi. Nikasema leo mzee amepata usingizi. Nikafunga mlango." Akamgeukia mwanawe. "Wewe Hiram ulikuwa unacheza mpira wa matambara hapo nje na wenzako. Niliwafukuza kwa fimbo, msimpigie baba yenu kelele."

Hiram aliinuka kwa magoti, akamshika mama yake mguu.

Njoki alijitoa taratibu, akaenda kwenye gunia lililokuwa pembeni, akaingiza mkono. Alitoa kiazi, akakipima kiganjani, akakirudisha, akatoa kingine.

"Wangeci," akasema bila kugeuka, "niletee sindano. Na uniambie ni cha ukubwa gani."